Koki ya mafuta ya pikipiki ya zamani: kuifungua, kuitengeneza au kuibadilisha hadi iache kuvuja

Koki inavuja, inakazwa, inakauka siku mbili, inaanza tena. Inafunguliwa, inapakwa silikoni, inarudishwa. Mwishowe inanunuliwa mpya, nayo baada ya muda mfupi inabana mafuta au inatona kwenye kishikio. Wengi wanaoniuliza kuhusu koki wamepita njia hiyo yote, na karibu wote wamekwama kwenye mambo matatu: kukaza skrubu badala ya kufungua, kukata gasketi kwenye tyubu ya tairi, na kufunga koki safi kwenye tanki chafu.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta zenye koki ya mkono chini ya tanki, ile yenye alama za ON (wazi), OFF (imefungwa) na RES (akiba). Honda CG125 na XL125, Yamaha AG100 na DT125, Boxer za kabureta, zote zimo humu. Koki zinazofunguliwa na mvuto wa injini zina sehemu yake karibu na mwisho.

## Kwanza, jua inavujia wapi

Usinunue chochote kabla ya hapa. Kausha koki yote kwa kitambaa, iweke OFF, kisha bana kipande cha karatasi nyeupe kavu sehemu moja baada ya nyingine na usubiri kidogo. Petroli hukauka upesi juu ya chuma, lakini karatasi itakuonyesha doa.

Doa likitokea pale koki inapokutana na tanki, oringi (pete ya mpira) ya juu imekufa. Likitokea kwenye vichwa vya boliti, washa zake ndizo mbovu. Kuzunguka kishikio, ni gasketi ya ndani. Chini kwenye kikombe cha uchafu, kwa koki zenye kikombe, ni oringi ya kikombe.

Kuna uvujaji wa tano ambao hauonekani kwa nje, nao ndio wa hatari kuliko yote. Weka OFF, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye kopo na uache nusu saa. Mafuta yaliyokuwa tayari ndani ya mpira yatatoka, kisha halipaswi kutoka hata tone moja. Likiendelea kutona, koki haifungi. Siku ambayo sindano ya floti, ile inayozuia mafuta kabureta ikijaa, nayo itachoka, mafuta yatashuka usiku kucha. Kwenye injini ya fo-stroki yatapita kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Kwenye tu-stroki yatajaa chini ya pistoni.

Kwa hiyo, kama injini ni ya fo-stroki, nusa kijiti cha kupimia oili. Kama oili inanuka petroli, au kimo chake kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe injini. Mwaga oili yote, weka mpya, halafu ndipo urudi kwenye koki. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno, na inaweza kuua beringi na kamshafti katika safari fupi tu.

Jambo jingine la kuthibitisha ni mfuniko wa tanki. Pikipiki ikienda kilomita kadhaa, ikazima, ikapumzika, kisha ikawaka kana kwamba haikuwa na kitu, huenda tanki halipumui. Ikizima, fungua mfuniko palepale. Ukisikia hewa ikiingia kwa kufyonzwa na pikipiki ikawaka, zibua tundu la mfuniko na uiache koki kama ilivyo.

## Vifaa

- Kiti ya koki, yaani seti ya vipuri vyake (gasketi ya ndani, oringi na washa), au koki mpya
- Spana namba 10 na nyingine za kuvulia kiti cha kukalia na tanki
- Bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu
- Mpira mpya wa mafuta wa kipenyo cha ndani kile kile, mara nyingi milimita 5 au 6, na klipu mbili
- Jeri safi ya mafuta yenye mfuniko, na faneli yenye wavu mwembamba
- Msasa wa maji namba 800 na 1200, na kipande cha kioo kinene
- Mswaki wa zamani, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, karatasi nyeupe
- Pampu ya baiskeli au kompresa
- Chupa ya plastiki ya nusu lita, ya kupimia
- Kizimamoto cha unga, au ndoo ya mchanga mkavu

## Kutengeneza au kununua mpya?

Tazama bamba dogo mbele ya kishikio. Kama limeshikwa na skrubu mbili, koki inafunguka na inatengenezeka. Kama limepigwa ribiti, usihangaike, nunua nyingine. Wapo mafundi wanaotoboa ribiti na kutengeneza nyuzi za skrubu, lakini kazi hiyo inahitaji mashine na mkono uliozoea, na gharama yake mara nyingi inapita bei ya koki.

Kama bodi ya koki yako ni ya asili na haijapasuka, mimi ningeitunza. Bodi za zamani za Kijapani zilitengenezwa vizuri, na kiti ya bei ndogo itazirudishia kazi yake. Koki nyingi mpya za bei rahisi zina uso usionyooka ndani na gasketi ngumu, na unaweza kulipia tatizo lile lile mara ya pili.

Ukilazimika kununua, iwe Kariakoo, Kirinyaga Road au duka la spea la mtaani kwako, usiende na jina la pikipiki tu. Nenda na koki yenyewe. Linganisha umbali kati ya matundu mawili ya boliti, katikati hadi katikati (pikipiki ndogo nyingi ni milimita 34, nyingine 44). Linganisha unene wa mdomo unaoingia kwenye mpira na upande unaoelekea. Pima urefu wa bomba linaloingia ndani ya tanki. Angalia pia kama kishikio kitazunguka bila kugonga tanki au injini.

Ijaribu hapo hapo dukani. Chomeka kipande cha mpira safi kwenye mdomo wa koki na upulize. Kwenye OFF hewa isipite kabisa. Kwenye ON ipite, na ukiziba kwa kidole bomba refu (lile linaloingia ndani ya tanki, ambalo ndilo njia ya ON; RES huchota chini yake) hewa isimame. Jaribio hilo la pili wengi hawalifanyi. Kama hewa inaendelea kupita huku bomba refu limezibwa, njia za ON na RES zinavujiana ndani. Koki ya namna hiyo haitatona chini, lakini itakula akiba yako kimyakimya, na siku mafuta yatakapokwisha barabarani utageuza RES ukute hakuna kitu.

## Usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unaingia chini ya mlango, unakutana na jiko la mkaa chumba cha pili na kurudi na moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, basi usidanganywe na asubuhi ya ubaridi wa Mbeya au Limuru.

Fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara, mashine ya kuchomelea na jenereta. Injini iwe imepoa. Chomoa waya hasi wa betri. Watoto wasiwe karibu.

Usinyonye mafuta kwa mdomo. Ni mazoea ya kila mahali, lakini petroli kidogo tu ikiingia mapafuni huleta nimonia mbaya inayoweza kuua. Mtu akimeza, asitapishwe, apelekwe hospitali. Wala usinawe mikono kwa petroli: ndani yake kuna benzini, ambayo husababisha saratani.

## Hatua ya 1: Mwaga mafuta yote

Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye jeri, weka RES. Siyo ON, kwa sababu ON huacha mafuta yote yaliyo chini ya kimo cha bomba refu. Kama koki imeziba kabisa, vua tanki na umwage kupitia mdomo wa juu kwa faneli.

Angalia mafuta yanavyotoka wakati bado koki iko mahali pake. Mkondo ulionyooka unamaanisha njia iko wazi. Mkondo unaoanza vizuri kisha unapungua taratibu ni dalili ya chujio lililoziba au tanki lisilopumua. Fungua mfuniko ujue ni lipi kati ya hayo.

## Hatua ya 2: Vua tanki

Unaweza kufanya kazi hii tanki likiwa juu ya pikipiki, lakini sikushauri. Hutaweza kuona ndani wala kusuuza, na boliti utazirudisha kwa kupapasa.

Vua kiti, toa boliti ya nyuma ya tanki, linyanyue upande wa nyuma na ulivute kuelekea kwako hadi litoke kwenye mipira ya mbele. Lilaze juu ya blanketi kuukuu, koki ikitazama juu.

## Hatua ya 3: Toa koki kwenye tanki

Legeza boliti mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Nyuzi zake zimo kwenye nati zilizochomelewa kwenye bati la tanki. Ukilazimisha boliti iliyoshikwa na kutu, unaweza kung'oa nati, na hapo kazi ya nusu siku inageuka kazi ya kuchomelea tanki. Iliyogoma ipake oili ya kulegeza kutu, ngoja saa nzima, ijaribu tena. Usitumie moto kabisa.

Baadhi ya Honda za zamani hazina boliti mbili. Zina nati moja kubwa inayounganisha koki na shingo ya tanki, yenye nyuzi zinazopingana: upande wa juu zinakwenda huku, wa chini zinakwenda kule. Shika koki isizunguke na uzungushe nati peke yake. Itaachia pande zote mbili kwa pamoja.

Vuta koki kwa kunyoosha. Chujio linaloingia ndani ya tanki ni refu na laini, ukilipinda litapasuka.

Tazama washa zilizo chini ya vichwa vya boliti. Zikiwa za nailoni au faiba, ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Zikiwa za chuma, umeshapata sababu moja ya kuvuja, kwa kuwa mafuta hushuka kwenye nyuzi za boliti na washa ya chuma haiyazuii.

## Hatua ya 4: Soma ulichokikuta

Kung'uta chujio juu ya karatasi nyeupe na utazame kwenye mwanga.

Unga mwekundu au vipande vyembamba vya kahawia ni kutu ya tanki. Mchanga umeingia wakati wa kujaza mafuta, mara nyingi kutoka kwenye chupa na madumu ya barabarani. Vipande vyeusi vinavyonata na kuacha rangi vidoleni ni mpira uliooza, ama wa hosi au wa gasketi isiyofaa iliyowekwa na aliyekutangulia. Matone yanayokaa chini bila kuchanganyika na petroli ni maji.

Chembe hizi ndizo zilizokwaruza koki. Kila unapogeuza kishikio, chembe ya kutu iliyonaswa kati ya chuma na mpira inachimba mfereji mwembamba, na mfereji huo ndio njia ya tone. Ukifunga gasketi mpya na kuliacha tanki lilivyo, gasketi hiyo nayo itachimbwa.

## Hatua ya 5: Safisha tanki

Kwa mchanga na kutu nyepesi, mimina nusu lita ya petroli safi, ziba tundu la koki, tikisa kwa nguvu, mwaga kupitia tundu hilohilo ndani ya chombo. Rudia hadi kinachotoka kiache kuacha chembe kwenye kitambaa cheupe.

Kutu ikiwa nene, petroli haitoshi. Tumia siki au maji ya asidi ya sitriki, yakae usiku kucha, kisha suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kausha haraka kwa upepo na jua, na umalize kwa kuzungusha petroli yenye oili kidogo ndani. Tanki lililosuuzwa na kuachwa na unyevu hupata kutu mpya ndani ya siku hiyohiyo. Mafuta machafu usiyamwage mtaroni; yaweke kwenye dumu uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu.

## Hatua ya 6: Fungua koki yenyewe

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, simu ikiwa mbali na chombo cha mafuta.

Skrubu mbili za mbele ndizo zinazowashinda wengi. Pikipiki za Kijapani zina skrubu za nyota zenye umbo tofauti kidogo na bisibisi za kawaida, na bisibisi isiyokaa vizuri huruka na kula kichwa. Tafuta inayojaa, gandamiza kwa uzito wa mwili, na uzungushe kwa mkato mmoja mfupi. Skrubu ikikataa, gonga mwisho wa bisibisi kwa nyundo mara moja au mbili ikiwa imekaa palepale, kisha jaribu tena.

Vitatoka kwa mpangilio huu: bamba, springi ya bati lenye mawimbi, kishikio, halafu gasketi nene ya mpira yenye matundu, kwa kawaida manne au matano. Koki nyingine zina oringi ndogo kuzunguka shingo ya kishikio. Vipange kwenye kitambaa kwa mfuatano huohuo.

Sasa itazame ile springi, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini kukaza hakusaidii. Skrubu zinashika bamba hadi likutane na bodi, basi. Kinachogandamiza kishikio kwenye gasketi ni springi. Bamba likishagusa bodi, hata ukikaza kwa nguvu zote hakuna kinachoongezeka kwenye gasketi. Unapinda bamba tu, na kula nyuzi za bodi laini. Kama springi imelala bapa bila mawimbi, inyooshe kwa vidole hadi mawimbi yarudi, au badilisha.

## Hatua ya 7: Safisha vipande

Ondoa kila kitu cha mpira kwanza, hata kile utakachokitupa, kwa sababu dawa ya kusafishia kabureta hulainisha mpira na kuacha utando. Sugua bodi kwa mswaki na petroli. Puliza kila tundu kwa pampu, kutoka mdomo kwenda juu, yaani kinyume cha mwendo wa mafuta, ili uchafu usisukumwe mbele zaidi.

Usichokonoe kwa waya wa chuma. Mwiba wa mti au waya laini wa shaba unatosha.

Legeza kikombe cha chini kama kipo na utoe wavu wake mdogo. Wavu ukiwa umechanika, usiutoe ukabaki bila, tafuta mwingine.

## Hatua ya 8: Sawazisha uso wa kishikio

Hapa ndipo koki inapopona au inaposhindikana. Usifanye haraka.

Geuza kishikio uone upande unaolalia gasketi. Ni duara bapa la chuma lenye mfereji unaounganisha matundu. Lipitishe ukucha taratibu kuanzia katikati kwenda nje. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, petroli itapita hapo.

Weka msasa namba 800 juu ya kioo, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni. Laza uso wa kishikio juu yake, ushike karibu kabisa na uso, siyo kwenye mkono wake, maana ukishika mbali utaupinda upande mmoja. Sogeza kwa mwendo wa namba nane, bila kugandamiza. Baada ya mizunguko kama kumi, futa na utazame.

Uso utakuwa na sehemu zinazong'aa kwa mkwaruzo mpya na sehemu zilizobaki na rangi ya zamani. Hizo za zamani ni mabonde, msasa haujazifikia. Endelea hadi rangi iwe moja kuzunguka matundu yote na kwenye ukingo wa nje. Kisha hamia namba 1200 na usugue hadi uso uwe laini wa kijivu. Hauhitaji kung'aa, unahitaji kunyooka.

Kama kuna kishimo cha kutu kirefu ambacho hakiondoki, na kipo kwenye njia kati ya tundu na tundu, au kati ya tundu na ukingo, kishikio hicho kimekwisha. Kishimo kilicho ndani ya mfereji wenyewe hakina madhara.

Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha, kisha pangusa kwa petroli. Punje za msasa zikibaki zitafanya kazi ileile ya kutu.

## Hatua ya 9: Gasketi na oringi mpya

Gasketi ya tyubu ya tairi haiwezi kudumu, hata ikikatwa na fundi hodari kiasi gani. Tyubu hutengenezwa kwa mpira wa butili au mpira wa asili, na yote miwili hunywa petroli. Siku ya kwanza inaziba vizuri kwa sababu imevimba. Kisha inaendelea kuvimba, inasukuma kishikio, inalegea, inamomonyoka, na weusi wake unashuka hadi kwenye jeti za kabureta. Silikoni ya gasketi nayo ni hivyohivyo: petroli huilainisha na kuibandua vipande vipande.

Kinachofaa ni mpira wa nitraili, au wa vaitoni ukiupata; hizi ni aina zinazostahimili petroli. Walioko Uingereza, ambako petroli ya kawaida ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu 2021, watafute vaitoni, kwa sababu ethanoli huchosha mipira ya zamani.

Kama hujui mpira ulionao ni wa aina gani, kata kipande, pima urefu wake, kiloweke kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimerefuka waziwazi, kimelegea au kimechafua petroli, usikitumie.

Ukikata gasketi mwenyewe kwenye karatasi ya nitraili, unene una maana kubwa. Pima ya zamani kwenye ukingo ambao haukubanwa. Nyembamba mno, springi haifiki; nene mno, kishikio hakigeuki. Matundu yawe sawa na ya zamani, yasizibe njia hata kidogo.

## Hatua ya 10: Unganisha

Weka gasketi kwenye bodi. Vijitokezi vyake viingie kwenye nafasi zake. Paka tone moja la oili ya injini kwenye uso wa kishikio na kwenye oringi ya shingo, siyo grisi, kwani grisi ya kawaida huyeyuka na kuziba njia. Weka kishikio, springi, bamba.

Kaza skrubu kwa zamu hadi bamba liguse bodi pande zote mbili, kisha robo ya mzunguko. Kishikio kinapaswa kugeuka kwa vidole viwili, kikiwa na uzito kidogo, na kusimama sawasawa kwenye kila alama. Kikigeuka bila uzito wowote, springi imechoka au gasketi ni nyembamba.

## Hatua ya 11: Jaribu kabla ya kufunga

Rudia jaribio la kupuliza, safari hii kwa mpira safi na pampu. Tumbukiza koki kwenye bakuli la maji, weka OFF, pampu polepole. Kusiwe na povu popote. Kisha ON huku umeziba bomba refu, halafu RES huku umeziba tundu lake la chini.

Povu likitoka kwenye kishikio, rudi hatua ya 8. Ni heri urudi sasa kuliko tanki likiwa limejaa. Ukimaliza, ikaushe kwa upepo hadi ndani.

## Hatua ya 12: Irudishe kwenye tanki

Futa uso wa tanki unaokaliwa na oringi. Mabaki ya silikoni ya zamani yakwangue kwa kipande cha plastiki, siyo kisu.

Oringi mpya, washa mpya za nailoni, boliti zote mbili zianze kwa vidole. Zikaze kwa zamu hadi zishike, kisha kidogo tu. Kwa boliti ya spana namba 10, nyutonimita 7 hivi zinatosha. Kwa mkono ni ile nguvu ya kushika spana karibu na kichwa, siyo mwishoni. Usipake silikoni wala gundi. Oringi ikiwa nzima na uso safi, hakuna kinachohitaji kusaidiwa.

Kwa Honda za nati moja, ianzishe nati kwenye nyuzi za pande zote mbili kwa wakati mmoja, koki ikiwa imeelekea pembeni kidogo. Jaribu mara kadhaa hadi ikaze huku mdomo ukitazama kabureta.

## Hatua ya 13: Mpira wa mafuta

Weka mpya. Mpira wa maji unaoonyesha ndani hugeuka mgumu na kupasuka kwenye klipu. Ukate urefu wa kushuka moja kwa moja kutoka koki hadi kabureta, bila kupanda popote na bila kugusa kichwa cha injini wala ekzosi.

Ukiongeza filta ya katikati, iwe ya pikipiki. Filta ya karatasi ya gari imetengenezwa kwa ajili ya pampu, na uzito wa mafuta ya tanki dogo mara nyingi hauwezi kuisukuma. Mapovu machache ndani ya filta ni ya kawaida.

## Hatua ya 14: Majaribio ya mwisho

Mimina lita moja au mbili tu. OFF, karatasi nyeupe chini, nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, elekeza mpira kwenye chupa ya nusu lita, weka RES na hesabu muda. Ijae ndani ya dakika mbili. Injini ya cc 125 ikivutwa mafuta hadi mwisho haifiki mililita 100 kwa dakika, kwa hiyo kiasi hicho kinatosha na kubaki. Rudia kwenye ON ukiwa umeongeza mafuta kupita kimo cha bomba refu.

Kisha unganisha kabureta, washa, na uendeshe karibu na nyumbani ukiwa ON hadi pikipiki ianze kukosa mafuta. Geuza RES; ikichangamka, akiba ipo kweli. Jaza tanki na urudishe ON.

Koki ikae OFF kila unapoegesha usiku. Baada ya wiki ya kwanza fungua kikombe cha chini, au chomoa mpira na umwage kidogo kwenye chupa ya kioo. Kutu ikiwa imerudi nyingi, tanki bado linahitaji kazi.

## Koki za kuvutwa na injini

Hizi zina mipira miwili: mmoja wa mafuta, mwingine mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Mara nyingi hazina OFF. Zina ON, RES na PRI. Injini ikizunguka, mvuto wake unanyanyua kiwambo cha mpira na mafuta yanapita. PRI inaruka kiwambo, mafuta yanashuka muda wote, kwa hiyo usiiache hapo.

Chomoa ule mpira mwembamba upande wa injini. Ukikuta petroli ndani yake, kiwambo kimetoboka, na injini imekuwa ikinywa mafuta kwa njia ya pembeni, ndiyo sababu ya moshi mweusi na plagi nyeusi. Kama ni mkavu, uvute hewa kwa bomba la sindano la hospitali: mafuta yatiririke kwenye ON, na yasimame ukiachia. Kiwambo hubadilishwa kwa kiti yake. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko lisizibwe.

## Ikikataa bado

Inatona kwenye boliti ingawa washa ni mpya: uso wa boliti umechimbika, badilisha boliti.

Inatona kwenye tanki ingawa oringi ni mpya: bati la tanki limepinda kwa kukazwa sana zamani. Weka rula juu ya uso uone mwanga. Mpindo mdogo huzibwa na oringi nene kidogo; mkubwa unataka fundi wa bodi.

Mafuta yanakatika kwa mwendo wa kasi tu, ingawa chupa ilijaa ndani ya dakika mbili: pima tena mfuniko ukiwa umefungwa, kwa sababu huenda ulipima ukiwa wazi.

Koki ni kavu kabisa, lakini kabureta inamwaga kila ukiweka ON: hapo fungua kabureta, uangalie sindano ya floti na kiti chake.